Aliyewekwa kwa Ajili ya Kristo Mfalme

Walikuja nyumbani kwa mama yangu wamevaa vitenge vya sare, na mimi nilikuwepo, kwa hiyo asije mtu akanisimulia habari hii kwa namna nyingine. Walikuwa wanawake wanne na mzee mmoja wa kwaya. Walibisha hodi mtaani Kanyenye mchana wa Agosti, jua likiwaka juu ya mabati, na nilipowaona mlangoni nikadhani wamepotea. Katika miaka yote ambayo mama alikaa katika nyumba ile, Kanisa lake halikuwahi kuja kukanyaga kizingiti.

Mwaka huo parokia yetu ilikuwa imeambiwa kwamba imelala. Paroko mpya, kijana mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, alisimama mimbarani akatuuliza kama tunajua jirani zetu wangapi walibatizwa na leo hawaji hata Pasaka. Hatukujua. Akatangaza mwaka wa kurudi nyumbani: Rozari kila jioni katika jumuiya, kuabudu Ekaristi kila Alhamisi, na kutembelea nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliolegea. Mimi nilipiga makofi pamoja na wengine. Nilifurahi kweli. Kanisa letu lilikuwa limekuwa mahali pa kuchangisha na kutangaza michango, na huyu alikuwa anazungumza habari za watu.

Mama yangu alikuwa mmoja wa hao waliolegea, ingawa kwa kweli yeye hakulegea, alifungiwa nje. Alitoka kijijini Ziba akiwa msichana, akaja mjini kukaa na shangazi yake, akaolewa na baba yangu, fundi bati wa Kanyenye, Mwislamu ambaye ukoo wake ulifika na misafara kutoka pwani, wakauza walichokuja nacho, wakabaki. Walifunga ndoa bomani. Baba hakumwambia asilimu, naye hakumwomba baba abatizwe. Waliishi hivyo mpaka baba alipofariki, na Idi na Krismasi zilipikwa katika sufuria moja. Lakini kanisani mama aliambiwa kwamba ndoa ile si ndoa, na kwamba hatapokea Komunyo. Akakubali. Alikwenda Misa alipoweza, akakaa benchi la mwisho, na wenzake walipopanga mstari yeye aliinama kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Mimi peke yangu katika watoto wake ndiye Mkatoliki, kwa sababu nilipelekwa Ziba kulelewa na bibi, na bibi hakuomba ruhusa ya mtu.

Basi wale wageni walikaa kwenye mkeka, wakanywa maji, na kiongozi wao akazungumza. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya pale, mwanamke mnene, mchangamfu, muuza vitambaa, anayejua kumfanya mtu ajisikie ametukuzwa. Alimwuliza mama kwa upole kama mume wake yu hai. Mama akasema alifariki zamani.

"Sasa mama, kwa nini unakaa nje?" akasema. "Aliyekuzuia hayupo tena. Unaungama, unapokea. Ndiyo basi."

Mama alimtazama, akanigeukia mimi, akauliza kwa Kinyamwezi kama amesikia vizuri. Nikamwambia, "Ndiyo, mayo." Akauliza tena kwa Kiswahili, "Hata mimi?" Wakacheka wote, wakamwambia hata wewe, hasa wewe. Mama akafunika uso kwa ncha ya khanga, na alipoiondoa alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Sijawahi kumwona hivyo kabla wala baadaye. Miaka yote tangu baba afariki mlango ulikuwa wazi na hakuna mtu aliyemwambia, hata mimi, maana na mimi nilidhani kufuli lile ni la maisha. Kwa hilo nawashukuru watu wale, na shukrani hiyo ndiyo inayonikaba hadi leo.

"Lini?" mama akauliza.

"Siku ya Kristo Mfalme," mwenyekiti akasema, na macho yake yakang'aa. "Mtarudi wote pamoja, mmevaa nyeupe, mmeshika mishumaa. Kanisa zima litasimama."

Kristo Mfalme huwa mwisho wa Novemba. Mama alikuwa na miguu iliyovimba kama mihogo na moyo uliochoka. Daktari alikuwa amekwisha kutuambia tusimhangaishe na ngazi wala jua. Nilihesabu miezi kichwani, nikanyamaza kwa sababu alikuwa anacheka.

Baada ya wageni kuondoka akaniambia asubiri nini na yeye hana haja ya nguo nyeupe. Alichotaka ni padre aje, aungame, apokee, basi. Kama angejaliwa kufika Novemba angevaa hiyo nyeupe pia na kushika mshumaa, lakini kwanza apewe. "Nimekaa na njaa muda mrefu, mwanangu," alisema.

Hapa lazima nieleze desturi yetu kwa asiyeijua. Kwetu padre haitwi na mtu, anaitwa na jumuiya. Ukiugua, mwenyekiti wa jumuiya yako ndiye anayepeleka habari kwa katekista, na katekista kwa padre. Ukifa, mwenyekiti ndiye anayesema kama ulikuwa unahudhuria sala au la, na neno lake ndilo linaloamua kama utazikwa na padre au na majirani. Desturi hii ilianzishwa kwa nia njema, ili asisahaulike mtu. Na mgonjwa ni wa jumuiya ya pale anapolala. Mimi nilikaa upande wa pili wa reli, jumuiya nyingine kabisa, kwa hiyo kwa mama yangu mzazi nilikuwa mgeni.

Nikaenda dukani kwa mwenyekiti. Alinipokea kwa bashasha, akaagiza soda.

"Tumsifu Yesu Kristo, dada."

"Milele amina, mama mwenyekiti. Nimekuja kwa ajili ya mama. Anaomba padre aje nyumbani."

"Amezidiwa?"

"Hajazidiwa. Anataka kuungama."

Akaweka mkasi mezani. "Dada, mama yako tumemweka kwa ajili ya Kristo Mfalme. Ukimpa leo pale chumbani, siku yenyewe atarudi kutoka wapi? Atakuwa amekwisha rudi."

Nilidhani anatania. Alikuwa hatanii. Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mteja aina za kitambaa, kwamba jumuiya zote zinashindana, kwamba ile itakayorudisha watu wengi ndiyo itakayobeba sanamu ya Mama Maria kwenye maandamano ya sikukuu, na kwamba katika watu wa jumuiya yake hakuna mwenye ushuhuda kama wa mama yangu: mke wa Mwislamu, miaka yote kwenye benchi la mwisho, mwaminifu. "Watu watalia," alisema. "Wengine watarudi kwa sababu yake. Huoni Mungu anavyofanya kazi?"

Nilimwona yeye anavyofanya kazi. Nikamwambia moyo wa mama haujui kalenda ya liturujia. Akanishika mkono, akasema tusiwe na imani haba, mama anaongea, anacheka, anakula ugali, huyo si mtu wa kufa. Nikaondoka na soda yangu sijaimaliza. Nyumbani kwangu mwenyekiti wa jumuiya yetu alinisikiliza, akasikitika, akasema hawezi kuvuka mpaka wa mwenzake. Wangegombana mpaka kwenye baraza la parokia.

Oktoba ikafika na mwezi wa Rozari. Sanamu ya Mama Maria ilitembezwa nyumba kwa nyumba, kila jioni nyumba moja, inalala hapo, kesho inahamia kwa jirani. Zamu ya Kanyenye ilipofika, mama aliniomba nimsuke nywele. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye ndiye mwenye nyumba sasa, alifagia uwanja mwenyewe, akasogeza mabati yake na majiko aliyokuwa anayatengeneza, akatandika mikeka barazani. Mke wake aliazima viti kwa jirani na kuchemsha chai ya tangawizi sufuria kubwa, kwa sababu alisikia Wakristo wakisali husali sana na watachoka. Baba mdogo alivaa kofia yake nzuri ya darizi, akakaa mlangoni kungoja wageni wa shemeji yake.

Tuliwasikia tangu kona ya kwanza, wanaimba, ngoma mbele. Mama alikuwa kwenye kiti chake na rozari mkononi, amenyoosha shingo. Wimbo ukakaribia, ukafika usawa wa ukuta wetu, ukapita. Ukaingia nyumba ya tatu, kwa fundi cherehani Mkatoliki.

Baba mdogo alitoka barabarani, akarudi. "Wamekosea nyumba," alisema. Mke wake akasema labda wanaanza kule, watakuja. Chai ikapoa. Mama ndiye aliyetuambia tukunje mikeka.

Kesho yake nilimkuta mwenyekiti, nikamuuliza bila hata kumsalimu. Akasema waliogopa kuudhi. Nyumba ni ya Waislamu, na sanamu ni sanamu. Mtu angeweza kusema neno, sherehe ikaharibika. Nikamuuliza nani alimwambia kwamba mtu angesema neno. Akasema hakuna, lakini busara ni busara. Kutoka mlango wake mpaka mlango wa baba mdogo hata mtoto anaweza kutumwa chumvi akarudi maji hayajachemka, na katika mwaka mzima wa kutembelea nyumba kwa nyumba hakuona haja ya kwenda kuuliza.

Sijui kama ni chai ile au ni nini, lakini baba mdogo alikasirika kuliko mimi. Siku chache baadaye, mama alipoanza kulala ameegemea mito kwa sababu pumzi haikumtosha, alivaa kanzu, akapanda bodaboda, akaenda ofisi ya parokia kumwita padre. Alinisimulia mwenyewe. Alimkuta katekista, akamwamkia vizuri, akasema shemeji yake mgonjwa anamtaka padre.

"Mzee, wewe ni wa jumuiya gani?" katekista akamuuliza.

"Mimi? Ya shemeji yangu."

Katekista akamwambia arudi, amwambie mwenyekiti, na mwenyekiti atamwambia yeye. Baba mdogo aliponisimulia alikuwa anacheka, lakini mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua kofia. "Mwanangu," alisema, "kwetu mtu akiwa katika hali ile tunamwita yeyote ajuaye kusoma. Hata mpita njia."

Jumapili iliyofuata nilimvizia paroko nje ya sakristia. Watu walikuwa wamemzunguka, kila mmoja na lake, kwa maana siku hizo parokia ilikuwa imeamka kweli, na hilo siwezi kulikana: kanisa lilijaa, vijana waliimba, wanaume waliokuwa wanabaki nje wakizungumza mpira sasa waliingia ndani. Nikapenya, nikamweleza. Alinisikiliza, namshuhudia. Akasema, "Nimeshaambiwa habari za mama yako. Ni yule wa Kristo Mfalme, siyo? Mwenyekiti wake amenisimulia, imenigusa sana."

"Baba, anaomba sasa."

"Ana hali gani?"

"Anakaa na kuzungumza. Usiku pumzi inamsumbua."

Akasema kesho alfajiri anakwenda vigango vya upande wa Sikonge, kwenye mashamba ya tumbaku, ambako watu hawajaona padre tangu mvua zilizopita. Akirudi, mtu wa kwanza kumwona ni mama. Akaniwekea mkono kichwani, akanibariki. Alikuwa na haraka ya mtu mwema, na haraka ya mtu mwema huwezi hata kuikasirikia sawasawa. Akaenda kuwatafuta kondoo waliopotea huko kwenye misitu ya miombo, na huyu wa Kanyenye, ambaye sauti ya kengele ya kanisa ilimfikia kitandani, akabaki kusubiri zamu.

Wiki ile mama alishuka. Aliacha chakula kigumu, akanywa uji kwa kijiko. Hakulalamika hata mara moja, ila kila nilipoingia aliangalia nyuma yangu kuona nimekuja na nani. Hicho ndicho kitu ambacho sijakisamehe. Nilianza kuchukia kuingia chumbani kwa mama yangu peke yangu.

Nilimpigia paroko simu, haikupatikana; huko msituni mtandao ni wa kubahatisha. Nikampigia mwenyekiti, akaniahidi sala ya jumuiya nzima, na kweli walisali, nasikia kwa machozi. Mwishowe nikavunja desturi. Nikaenda parokia nyingine, nikamkuta padre mzee anamwagilia mchicha wake nyuma ya nyumba. Hakuniuliza jumuiya. Aliniuliza kama paroko wetu yupo, nikasema hayupo, akasema basi hana ugomvi na mtu, kesho baada ya Misa ya asubuhi atakuja. Nikakimbia kumwambia mama. Aliitikia kwa macho, akaomba nimfunge kitambaa kisafi kichwani tangu jioni ile, ili asubuhi asimcheleweshe padre.

Alifariki kabla hakujapambazuka, kitambaa kikiwa kichwani.

Padre mzee alikuja kama alivyoahidi, akakuta kilio kimeshaanza uwanjani. Akaingia, akamsalia, akakaa kidogo na baba mdogo barazani, akarudi zake kwa sababu msiba ulikuwa umepata wenyewe. Mwenyekiti alikuwa amefika. Alifika na turubai, masufuria, kwaya na akina mama wenye vitenge vya sare, na kwa kweli msiba ule haukupungukiwa kitu. Alitoa simu yake mbele yangu, akampigia katekista wa kigango cha huko Sikonge, ambaye namba yake alikuwa nayo siku zote, na katekista akapanda baiskeli akampelekea paroko simu mkononi. Paroko aliacha kila kitu. Alifika jioni ile ile, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Na wakati huo wakaingia na sanamu. Waliileta kwa ngoma taratibu, wakapita katikati ya wanaume wa Kiislamu waliosimama kuwapisha, wakaiweka kichwani pa jeneza. Hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyeudhika. Mke wa baba mdogo aliwapa wabebaji maji ya kunawa.

Paroko alinijia akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama alikuwa amewahi kupokea. Kabla sijajibu, mwenyekiti aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Alikuwa tayari kabisa, Baba. Tulikuwa tumemwandaa." Paroko akamtazama, akanitazama, na nikaona imemwingia. Aliendesha ibada vizuri sana. Nilitamani aiendeshe vibaya.

Wapo walioniambia baadaye kwamba Mungu hasubiri mstari, kwamba hamu ya kupokea inatosha, kwamba mama amekwisha kula mezani kuliko meza zote. Nayaamini hayo, nisingekuwa bado naenda Misa kama nisingeyaamini. Lakini wanaoniambia wanapokea kila Jumapili, na yeye aliambiwa aingie akashikwa mlangoni, na walioambiwa wamshike mkono ndio waliomshika.

Siku ya Kristo Mfalme ilinyesha asubuhi, kisha jua likatoka. Nilienda kwa sababu baba mdogo alialikwa rasmi kama familia ya marehemu, na alisema mwaliko haukataliwi. Alikaa kando yangu katika benchi la mbele, kofia ameishika mapajani kwa adabu, akisimama tuliposimama na kukaa tulipokaa. Waliorudi waliingia wamevaa nyeupe na mishumaa. Kati yao mwanamke mmoja alibeba mshumaa wa pili, uliowashwa, usio na mwenyewe.

Kisha mwenyekiti akapewa kipaza sauti. Alisimulia habari za mama, na alisimulia vizuri, sitamdhulumu: ndoa ya bomani, benchi la mwisho, machozi kwenye ncha ya khanga, "Hata mimi?" Watu walilia kama alivyotabiri. Paroko aliangalia sakafu. Mwenyekiti akamalizia kwamba mama yetu huyu amerudi nyumbani, na kanisa zima likasimama, vigelegele, makofi, ngoma, na jumuiya yake ikainua sanamu mabegani.

Baba mdogo alisimama pamoja na watu, kisha akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, wanashangilia nini?" akauliza. "Si alikufa hawajampa?"

Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua, kama mgeni anavyouliza desturi za watu asije akakosea. Aliniangalia akingoja nimweleze, na alipoona simwelezi, akaweka kofia yake chini ya kwapa na kuanza kupiga makofi, ili asiiaibishe familia.